Mgeni Rasmi wa Window

Jabiri alikuwa kwenye banda la chipsi nje ya Chuo cha Mwambao, Chang'ombe, akila chipsi mayai na kusikiliza maongezi yasiyomhusu. Kusikiliza yasiyomhusu ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna siku aliyochelewa kazini.

Kwenye meza ya jirani walikaa wanafunzi watatu wameizunguka laptop moja kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Kioo chake kilikuwa cheusi tii, na chini pembeni palikuwa na maandishi ya kijivu yasiyofutika kuhusu window, programu inayoiendesha mashine.

"Imeanza tena," alisema mmoja wao, kijana mnene mwenye sauti ya redio, jina lake Godlisten. "Kila nikiiwasha inaniambia window yangu si halali. Mie mwenyewe najua si halali! Nilipigiwa hiyo window na fundi wa Tandika, akiwa anakula muhogo. Halali ingetoka wapi?"

"Subiri ya chuo," alisema dada aliyekaa katikati. "Chuo kimeingia kwenye mpango wa leseni. Kila mwanafunzi anapata window orijino, bure, inamfuata kwenye barua pepe yake."

"Tusa, wewe ni CR wetu, tunakuheshimu. Lakini hiyo bure tunaisubiri tangu tunaanza chuo. Imefika wapi?"

"Taratibu zinaendelea."

"Zinaendelea kwenda wapi?"

Huyo dada aliitwa Tusajigwe, kiongozi wa darasa, binti wa walimu kutoka Tukuyu. Alifunga laptop taratibu kama mtu anayemfunika marehemu uso, na wote watatu wakarudi darasani.

Jabiri aliacha kutafuna. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imeshajipanga yenyewe: darasa zima, kila mtu na laptop yake, wote wanangoja kitu cha bure kutoka kwa mtu wasiyemjua. Kilichopungua pale ni huyo mtu tu.

Tumjue kidogo kabla hajaondoka. Jabiri ni mtoto wa Temeke, mrefu, mwembamba, mwenye meno mazuri anayoyatumia kama wengine wanavyotumia vyeti. Amewahi kuuza viwanja vya Madale vilivyokuwa na wenyewe, tena wenyewe wakiwa ndani wanapika. Amewahi kuwa wakala wa Hija, wakala wa simu, na kwa wiki moja alikuwa daktari wa mbwa. Lakini siku hizo alikuwa amebanwa na jambo la heshima. Alikuwa anaoa. Farida, fundi cherehani wa Mwananyamala, alikuwa ameshamkubali, na mahari aliyotaja ilikuwa kitanda na kabati la mbao. Wazee wangekutana Jumapili kwa Mzee Khalfani, baba yake Farida, vyombo vikiwa mlangoni.

Ndugu walikuwa wameshachanga. Shangazi yake, Bi Tunu, alimkabidhi bahasha aende Keko kwa mafundi seremala, akamshika mkono asiuachie.

"Nisikilize Jabiri. Humu hamna pesa. Humu mna kitanda na kabati. Ukikipoteza kitanda hiki utalala chini, na mie nitakuwa nimesimama juu yako."

"Shangazi, mie mtu mzima."

"Ndiyo nakwambia."

Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Jabiri alikuwa njiani kwenda Keko alipokaa kula chipsi, na hapo ndipo bahati ilipomkuta. Kwa nini anunue kitanda cha mbao nyepesi, akajiuliza, wakati zile laptop zingemtoa na kitanda cha mninga, kabati la vioo, na fremu ya duka pale pale Mwananyamala ambapo Farida angekaa na cherehani yake kama malkia? Bahasha akaiacha mfukoni, kwa muda.

*

Kesho yake alitokea chuoni na suti ya bluu na kitambulisho kikubwa kinachoning'inia shingoni. Kilisomeka: AFISA UHARAKISHAJI WA LESENI. Chini yake palikuwa na muhuri mwekundu usiosomeka, kama mihuri yote ya maana.

Alimkuta Tusajigwe kwenye kibaraza cha darasa.

"Wewe ndiye CR? Hongera kwa kazi. Nimetumwa kutoka makao makuu. Tumepata malalamiko kwamba vijana wetu mnateseka na kioo cheusi."

"Tunateseka, mkuu."

"Mateso yamekwisha. Leseni zenu zimeshatoka, ila haziwezi kuja kwa barua pepe, mtandao umezidiwa. Zinaingizwa kwenye mashine yenyewe. Mnakusanya laptop zenu, tunazichukua, tunazirudisha zikiwa halali kabisa."

Tusajigwe alimtazama. "Na sie tunalipa kiasi gani?"

Hapa Jabiri alitoa ule ustadi wake aliokuwa akijivunia mwenyewe. Alinyanyua mkono kama anayezuia gari. "Sista, bure ni bure. Sitaki shilingi ya mtu."

"Hata nauli?"

"Nauli ya nini? Natumikia taifa."

"Tunaweza kukuletea soda."

"Soda kunyweni nyie, mnasoma."

"Posho ya kikao je? Maana hapa tumekaa, tumeongea, ni kikao."

"Posho!" Jabiri alicheka kwa uchungu wa mtu msafi. "Posho ndiyo inayoirudisha nyuma nchi hii, sista."

Tusajigwe alimwangalia kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kitambulisho, na Jabiri akaona wazi kwamba binti wa watu ameguswa. Kweli alikuwa ameguswa, ila si pale alipodhani yeye.

"Mkuu," alisema hatimaye, "mashine zote hizi hatuwezi kukupa hivi hivi kama tunagawa njugu. Darasa letu lina kamati. Lazima kuwe na makabidhiano, makabidhiano yawe na hafla, na hafla iwe na mgeni rasmi."

"Sawa kabisa. Mgeni rasmi mtamleta nani?"

"Si wewe?"

Kitu kilimpiga Jabiri kifuani.

Tuwe waadilifu kwake. Katika nchi hii mtu anaweza kuwa na gari, nyumba na watoto wanaojua Kiingereza, lakini kama hajawahi kukalishwa meza kuu, mbele ya chupa ya maji iliyovishwa tishu na maua ya plastiki, moyoni anajua kuna kitu bado. Jabiri alipokuwa shule ya msingi aliwahi kuimbishwa juani asubuhi nzima wakimngoja mgeni rasmi. Alipofika, mgeni alishuka kwenye gari akapunga mkono mara moja, na mwalimu mkuu, aliyekuwa akiwachapa kila siku, akainama mpaka tai ikagusa vumbi. Utotoni mwake wenzake walitaka kuwa marubani. Jabiri alitaka kuwa yule.

"Nitaangalia ratiba yangu," alisema, akiweka sawa kitambulisho chake shingoni.

*

Jumamosi darasa lilikuwa limepambwa vitambaa vya bluu na nyeupe. Alipoingia, begi lake begani, walisimama wote kwa kishindo.

"Shikamoo mheshimiwa!"

"Marahaba," alijibu Jabiri. Wengine pale walikuwa wamempita umri, lakini ile shikamoo ya pamoja ilimwingia kama tangawizi. Wakamvisha skafu. Wakamkalisha meza kuu. Maji yalikuwepo, na tishu yake. Pembeni, kwenye mkeka, mabegi ya laptop yalikuwa yamepangwa mistari, kila moja limefungwa utepe mwekundu. Nje, kirikuu, kigari cha mizigo alichokodi, kilikuwa kimeshageuzwa kuangalia barabara.

Godlisten ndiye alikuwa mshereheshaji, na kipaza sauti chenye mwangwi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa! Tunaomba CR asome risala."

Tusajigwe alisimama, akasoma. Risala ilianza kwa kumshukuru Mungu, ikaja kumshukuru mgeni rasmi karibu sawasawa na Mungu mwenyewe, ikataja mafanikio ya darasa, ambayo yalikuwa ni kwamba bado wapo. Kisha akafunua ukurasa.

"Ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto. Changamoto ya kwanza ni joto. Darasa halina feni, na Chang'ombe unaijua. Ya pili ni viti. Wenzetu wa nyuma wanasoma wamesimama kama wapo msibani. Tunaamini, kwa jinsi ulivyo mtu wa watu, hutatuacha hivi. Tunaomba kuwasilisha."

Vigelegele vikapigwa. Jabiri akasimama kujibu. Alikuwa ameshasikia risala kama hii mara nyingi na jibu lake analijua.

"Ndugu zangu, nimezipokea changamoto zenu. Nitazifikisha kwenye ngazi husika..."

"Mheshimiwa samahani," Godlisten alimkatiza kwa adabu kubwa, mwangwi ukarudia samahani. "Wananchi hapa wanauliza. Ngazi husika si ndiyo wewe?"

Darasa likalipuka kwa makofi. Jabiri alitabasamu, akaangalia mabegi kwenye mkeka, akaangalia kirikuu dirishani. Mgeni rasmi gani anaondoka bila kuacha kitu? Hata yule wa shuleni kwao, pamoja na kuchelewa kwake, aliacha mpira.

"Basi," alisema, "hiyo feni nitaitoa mimi."

"Mheshimiwa ametoa feni! Ndugu zangu, ni ahadi au papo hapo?"

"Papo hapo!" darasa lilijibu kama kwaya iliyofanya mazoezi. Ilikuwa imefanya.

Ahadi ingekuwa salama, lakini mtu aliyevaa skafu anasemaje "ahadi" mbele ya watu wanaopiga makofi? Mkono wa Jabiri uliingia mfuko wa ndani wenyewe. Bahasha ikafunguka, na miguu ya kitanda ikaondoka.

"Feni moja, mheshimiwa, itapuliza mbele tu," Godlisten alisema kwa huzuni. "Na wa nyuma nao ni watoto wa Mungu."

"Ziwe mbili!"

Godoro likaondoka. Dada mmoja akamfuta jasho kwa leso. Mwingine akaanzisha wimbo wenye jina lake ndani, wakaupokea wakizunguka meza kuu, na Jabiri akajikuta anapunga mkono, ule ule mpungo wa mara moja. Wimbo ulipofika kwenye viti, kabati zima lilitoka, milango kwa droo. Bahasha ilibaki karatasi.

"Mheshimiwa, namalizia," alisema Godlisten, na safari hii mzaha ulimpungua kidogo sautini. "Kuna mwenzetu mmoja, Flaviana. Simama mama. Huyu anasomea simu ya kitochi. Hana laptop hata hiyo ya kioo cheusi. Sasa tumeona mheshimiwa umekuja na begi lako..."

Jabiri aliliangalia begi lake. Mle ndani ilikuwamo laptop yake nzuri, ambayo alikuwa akiwaonyeshea wateja picha za viwanja vya Madale. Akamwangalia Flaviana, msichana mdogo wa umbo, aliyekuwa akiangalia chini kwa aibu kama mtu aliyesimamishwa kwa kosa. Akalinyanyua begi akampa. Flaviana akalia. Jabiri naye macho yakamlowa, na mchana ule mzima hilo ndilo jambo pekee alilolifanya bila kulipanga.

Dakika chache baadaye alikata utepe kwa mkasi ulioletwa juu ya sahani, mabegi yakapakiwa, akaondoka akipunga mkono dirishani mwa kirikuu mpaka kona.

*

Anselmo ana karakana ya kununua mashine zilizotumika, nyuma ya viwanda. Haulizi zimetumika na nani. Alifungua begi la kwanza, akaingiza mkono, akatoa kibodi.

"Braza, hii nini?"

"Laptop."

"Hii kibodi. Tena haina nusu ya vitufe. Haina hata A."

"Fungua lingine!"

Anselmo alifungua la pili. Kibodi. La tatu lilikuwa na kibodi na panya aliyekatika mkia, na la nne lilikuwa na vitini vya masomo ya miaka hiyo vilivyoliwa na mchwa, vizito vizuri kabisa. Stoo nzima ya chuo, iliyokuwa ikingoja gari la taka kwa muda mrefu, ilikuwa imelipata, tena bure.

"Jabiri," Anselmo alisema, akishika ubavu kwa kucheka, "hapa umepigwa, au ulienda kufanya usafi?"

Jabiri alikaa chini kwenye tairi. Skafu ilikuwa bado shingoni. Angeenda polisi kusema nini? Kwamba amekwenda kuiba laptop akakuta hazipo? Lakini wala hilo halikuwa la kumuumiza. Jumapili ilikuwa kesho, kitanda kilikuwa hakipo, kabati halipo, na Farida yupo.

*

Alifika Mwananyamala mikono mitupu, na kanzu ya kuazima. Barazani kwa Mzee Khalfani wazee walikuwa wameshakaa, Bi Tunu akiwa upande wa akina mama, shingo nje akitafuta gari la vyombo.

"Karibu, mheshimiwa!" Mzee Khalfani alimpokea kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameshika simu, na kwenye simu alikuwapo Jabiri, na skafu, amepunga mkono. Picha zilikuwa zimezunguka kwa watu wa Temeke zikavuka mpaka Mwananyamala. "Umewapa watoto wa watu feni, viti, mpaka kompyuta! Na sisi hukutuambia. Mtu mnyenyekevu huyu. Haya, vyombo viko njiani?"

Bi Tunu alikuwa akimwangalia mpwa wake kwa jicho lililoshaanza kusimama juu yake.

"Baba," sauti ya Farida ilitoka nyuma ya pazia, "naomba nizungumze naye kidogo uani. Mahari si yangu?"

"Ni yako, mwanangu."

Uani, karibu na ndoo za kufulia, Farida alikunja mikono.

"Ulienda kuwapiga."

"Ndiyo."

"Na kitanda changu?"

"Kimekuwa feni."

"Na kabati?"

"Viti."

"Nani kakufanyia hivyo?"

"Kuna CR mmoja, Mnyakyusa. Na mnene mmoja wa kipaza sauti."

Farida aliziba mdomo kwa upande wa kanga, lakini kicheko kilimshinda, akaegemea ukuta akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Jabiri alisimama pale kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua. Alipomaliza alifuta machozi, na uso wake haukuwa na utani tena.

"Nilijuaga we mwongo, Jabiri. Nilidhani utachoka. Sasa sikia, mie siolewi na mtu wa kukimbizana na watu wa Madale. Nenda kasome kwenye chuo kile kile, kakae na hao waliokuweza, labda utapata akili. Ukiniletea cheti mkononi, ndiyo mahari. Usipoleta, usirudi hapa hata kwa kupita."

Alirudi ndani akatangaza kwamba kitanda hakitaki tena. Mahari yake ni mchumba wake ajiendeleze kielimu.

Mzee Khalfani akatikisa kichwa kwa kuguswa.

"Mtu mkubwa kama huyu," alisema, "bado anataka kusoma!" Wazee wakaitikia amina. Bi Tunu akapiga kigelegele kimoja, kifupi, chenye vitisho ndani yake.

*

Mhula uliofuata Jabiri alijiandikisha cheti cha kompyuta. Ada alikuwa akiisotea kwa Anselmo, akibeba mashine na kufuta vumbi. Mezani pa kupokea wanafunzi wapya alikuwapo Tusajigwe.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema bila kunyanyua uso.

"Usinifanyie hivyo, sista. Niambie kitu kimoja tu. Ulijuaje? Kitambulisho?"

"Kitambulisho kilikuwa kizuri."

"Suti?"

"Suti pia. Ila ulikataa posho." Alinyanyua uso sasa. "Baba yangu mwalimu, mama mwalimu. Nyumbani kwetu maafisa wamekuja tangu sijaota meno. Afisa wa kweli hajafika hata mlangoni ameshauliza posho ya kikao. Wewe ukakataa mpaka soda! Nikasema huyu mwizi. Saini hapa."

Akasaini. Akapewa barua pepe ya chuo, jina lake lote, la kwanza mpaka la babu.

"Na ile window?" aliuliza.

"Umeingia kwenye foleni kama wenzako. Taratibu zinaendelea."

Basi Jabiri akawa anasoma chini ya feni, kwenye kiti cha plastiki, na ili kufanya mazoezi alikuwa anamwomba Flaviana laptop. Flaviana alikuwa akimpa kwa moyo mmoja, ila alimtaka anawe mikono kwanza. Mara nyingine mwanafunzi mgeni alikuwa akimsogelea na kuuliza, "Braza, hivi hii window ya bure inakujaga kweli? Hakuna mtu wa kutuharakishia?" Jabiri alikuwa akihisi ulimi unamwasha, anajikalia juu ya mikono yake, anasema, "Subiri tu, mdogo wangu."

Na siku moja, saa ya chakula, ikaja. Simu zililia darasa zima kwa pamoja. Godlisten alipanda juu ya kiti akapiga kelele bila kipaza sauti na mtaa ukasikia. Watu walikuwa wakikumbatiana, vioo vyeusi vikigeuka bluu kimoja baada ya kingine kama taa za mtaa umeme unaporudi. Jabiri alifungua barua yake kwenye simu. Ilikuwa na jina lake la kweli, ufunguo wa leseni, halali, bure. Kitu cha kwanza maishani mwake kilichomfuata bila yeye kumdanganya mtu.

Alisoma mara mbili. Akaangalia mezani kwake. Palikuwa na daftari na kalamu.

Akatoka nje akampigia Farida.

"Imekuja!" alisema.

"Alhamdulillahi! Hongera. Sasa utaiweka wapi?"

"Sina pa kuiweka."

Upande wa pili cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Itunze," Farida alisema. "Mie nina mchumba, sina mume, na mbona naishi? Rudi darasani."